Amefanyiwa uhalifu: namna ya kumpokea, na saa 72 za kwanza

Mtu aliyeporwa, aliyepigwa au aliyebakwa akifika nyumbani, maswali yanayompokea karibu yote huanza na "kwa nini". Kwa nini ulipita kichochoro kile? Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini ulimfungulia mlango? Anayeuliza mara nyingi hana nia mbaya. Anatafuta sababu, maana sababu ikipatikana yeye mwenyewe anatulia: mimi sipiti pale, basi niko salama. Mwanasaikolojia wa Marekani, Melvin Lerner, alilionyesha hili kwa majaribio miaka ya 1960. Watu wakimwona mwenzao anateseka bila kosa, na hawana la kumsaidia, huanza kumdharau yeye ili dunia iendelee kuonekana ya haki. Gharama ya utulivu huo anailipa mwathirika. Wengi hunyamaza hapo hapo, na hospitali hawafiki.

Tukae kidogo kwenye hilo la kutopiga kelele, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Hofu ikizidi, mwili unaweza kukakamaa: miguu haisogei, sauti haitoki, mtu anaona kila kitu lakini hawezi kufanya chochote. Hachagui kukakamaa, na kukakamaa si kukubali. Kumbukumbu nayo hufanya kazi kivingine katika hali hiyo. Atakumbuka vizuri mpini wa panga au harufu ya sigara, lakini hatakuwa na uhakika kama walikuwa watatu au wanne, au kipi kilitangulia. Ndugu wanaposikia maelezo ya leo yakitofautiana na ya jana, wanashuku. Wasishuku. Mtu aliyeingia kwenye hofu ya namna hiyo ndivyo anavyokumbuka.

Kwa hiyo mwanzoni sema machache. "Pole sana. Hukukosea. Niko hapa." Mwache aeleze anachotaka, aishie anapotaka. Uliza yale tu yanayohitajika sasa: una maumivu wapi, je, umenyongwa, nani tumwite. Mhalifu amemnyang'anya uamuzi, kwa hiyo mrudishie hata mdogo mdogo: akae ndani au nje, anywe maji au chai, shangazi aambiwe au asiambiwe. Usimkumbatie bila kumuuliza. Akiwa ni mtoto, mtu mmoja amsikilize mara moja tu, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumdokezea jina la mtu. Mtoto aliyehojiwa na mama, bibi, mwalimu na mjumbe kabla ya kufika polisi huishia kusema maneno ya wakubwa, na wakili wa utetezi atayaona.

Baada ya hapo ni hospitali, na hapa muda una maana kubwa. Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kuanza ndani ya saa 2 baada ya tukio ni bora kuliko baada ya saa 20, na zikianza humezwa kwa siku 28 mfululizo. Wengi huziacha wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu, kumbe wangerudi kituoni wangesaidiwa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, ila nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Ulizia pia kinga ya homa ya ini na tiba ya magonjwa ya zinaa.

Asioge, asisukutue, asibadili nguo kabla ya kupimwa. Nguo zikishavuliwa, kila moja iwekwe peke yake kwenye bahasha ya khaki au ifungwe kwenye gazeti safi. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu hufungia unyevu, nguo huota ukungu na ushahidi unaharibika. Kama ameshaoga, aende vilevile.

Aliyenyongwa apelekwe hata kama shingo haina alama. Sauti kukwaruza, kushindwa kumeza, vidoa vyekundu machoni, au kujikojolea wakati wa tukio ni dalili za hatari, na hali inaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Kwa Tanzania, daktari hujaza PF3, fomu ya polisi ya kuandika majeraha na matokeo ya uchunguzi, ambayo hutolewa polisi na haiuzwi. Hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono huwa na daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii mahali pamoja, kwa hiyo ulizia kwanza kama kipo karibu nawe. Mwenye hali mbaya atangulizwe kwenye matibabu, na mwingine wa familia aifuate fomu. Kosa linalojirudia ni fomu iliyojazwa kubaki kabatini nyumbani. Ipige picha, kisha irudishe kwa mpelelezi. Polisi omba namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), andika jina la mpelelezi, na kwa ukatili wa kijinsia au wa mtoto nenda Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto unaweza pia kupiga 116, bila malipo.

Wakati wa kuandikisha maelezo, ruhusa kubwa aliyonayo ni kusema "sikumbuki". Asijaze mapengo ili kumridhisha anayeandika, kwa sababu pengo lililojazwa leo ndilo litakalomwaibisha kizimbani. Asomewe maelezo yote kabla ya kusaini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa sharti utoke kwa mwathirika mwenyewe. Kwa sababu hiyo kumlinda asichanganywe na maswali ya nyumbani ni kuilinda kesi pia.

Wakati huo huo mtaani kutakuwa na shinikizo la aina mbili. La kwanza ni wananchi wenye hasira kali. Mshukiwa akiuawa, mwathirika anapoteza kesi yake na familia yake inaingia kwenye upelelezi wa mauaji, na huenda aliyeuawa siye. La pili ni wazee wanaotaka yamalizwe kifamilia, na visiwani Zanzibar kuna muhali, yaani kuoneana haya: mtuhumiwa ni jirani, mjomba, mtu wa watu. Kwa makosa ya kingono hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuyamaliza. Tanzania Bara, adhabu ya mtu mzima aliyebaka haipungui miaka 30 jela. Fedha inayopokelewa sebuleni humfundisha mtoto bei yake. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu waliolipwa hivyo huendelea kukutana na aliyewatenda kisimani na msibani.

Wiki za kwanza atashtuka mlango ukibamizwa, hatalala, ataogopa giza, atamfokea asiyehusika. Wengi hupungukiwa na dalili hizo ndani ya mwezi wakiwa na watu wanaowaamini. Usimlazimishe kusimulia tukio zima "atoe sumu", maana kikao kimoja cha kulazimishwa hakisaidii na chaweza kuumiza. Usimpe diazepam ili alale. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2013 isitumike kwa dalili za mwezi wa kwanza. Msaidie arudi taratibu kwenye ratiba yake: chakula, kazi, sala, na kupita njia ile akiwa na mtu mchana.

Mwezi ukipita na bado anaota jinamizi, anakwepa watu au amezama kwenye pombe, anahitaji tiba. Akitaja kujiua wakati wowote, msisubiri mwezi: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za mikoa huhudumia afya ya akili, na kwenda huko si kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kufungiwa. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe huchukua takriban vikao 8 hadi 12, na vikao vya mwanzo huweza kumwongezea huzuni kabla ya nafuu. Hapo ndipo wengi hukatisha tiba. Wanaume huchelewa zaidi, kwa sababu aliyeporwa na vijana anachekwa kijiweni na aliyelawitiwa hana wa kumwambia. Mwite pembeni, msiwe kundi.

Kesi itaahirishwa, tena zaidi ya mara moja, na kila mara atakuwa amejiandaa bure. Aende na mtu mmoja wa kudumu. Kwa makosa ya kingono mwombe mwendesha mashtaka ushahidi usikilizwe faragha. Mtoto mdogo huulizwa kama anaahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa sababu ikikosekana hukumu inaweza kutenguliwa kwenye rufaa. Risiti za dawa, nauli na vifaa vilivyoibwa zitunzwe pamoja tangu siku ya kwanza. Mahakama inaweza kuamuru fidia, ila mara nyingi asiyeiomba haipati, hivyo mkumbushe mwendesha mashtaka kabla adhabu haijatamkwa.