Msiniulize tena U ni ngapi

Vitabu vinasema nikeli oksidi haipitishi umeme, hesabu yangu ya kompyuta inasema ni metali. Nani mwongo?

Hesabu yako. Ganda la d, yaani kundi la obiti (makao ya elektroni) tano, la nikeli hiyo lina elektroni nane kati ya kumi. Nadharia ya mikanda, isiyojali sana elektroni zinavyosukumana, huona mkanda (safu ya viwango vya nishati) usiojaa na kutangaza kipitishi. De Boer na Verwey waliliona tatizo hili mwaka 1937. Mwanafizikia Mott akalieleza: elektroni ikihamia ayoni ya jirani inakuta nyingine zimeshakaa, na gharama ya msukumano, ndiyo hiyo U tunayoiingiza kwenye hesabu, inazidi faida ya kuhama. Basi kila moja inabaki kwake. Pengo halisi, yaani nishati ya kuruka ili umeme upite, ni kama elektronivolti (eV) 4. Na sampuli yako ikiwa nyeusi badala ya kijani, usimlaumu Mott. Ina oksijeni ya ziada, na hiyo hupitisha.

Naomba thamani ya U ya kobalti.

Jamani. Hakuna U "ya kobalti". Inategemea chaji ya ayoni, majirani zake, hata programu na obiti ulizochagua. Wapo wanaoipandisha mpaka pengo lilingane na la maabara, kisha wanaandika kwamba nadharia imeafikiana na majaribio. Imeafikiana kwa kushikiwa fimbo. Ikokotoe mwenyewe, au utuonyeshe matokeo yanavyoyumba U ikibadilika.

Mbona LaCoO₃, oksidi ya lanthanamu na kobalti, haina usumaku kwenye baridi kali, ikipata joto kidogo inaupata?

Afadhali, hili ni swali. Kobalti humo ni Co³⁺, elektroni sita za d. Oksijeni sita zinazoizunguka hugawa obiti tano za d: tatu chini, mbili juu. Kanuni ya Hund inataka elektroni zitawanyike, spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) zielekee upande mmoja. Uga wa fuwele, yaani athari ya hizo oksijeni, unataka zijibane chini mbili mbili. Hapa nguvu hizo karibu zinalingana. Kwenye baridi uga unashinda: jozi tatu, spini sifuri. Lakini tofauti ya nishati ni ndogo mno, hivyo joto kidogo linapandisha baadhi, na usumaku hufika kilele karibu na kelvini 100, yaani nyuzi 173 chini ya sifuri.

Hukuuliza, ila nakuonya. Elektroni za obiti za juu huzisukuma oksijeni, na nusukipenyo cha ayoni hukua kutoka pikomita 54.5 hadi 61. Ukitafuta spini kubwa (elektroni zimetawanyika) huku umeikaza fuwele kwenye vipimo vya baridi, unajidanganya.

Spini ya kati, kati ya sifuri na kubwa, ipo?

Hesabu za Korotin na wenzake za 1996, zenye U ndani, ziliipa nguvu hoja hiyo. Ubishi haujaisha.

Shinikizo je?

Hupendelea spini ndogo, kwa sababu ayoni yake ni ndogo.

Kobalti ya betri ya simu yangu ni sumaku?

Hapana. Katika LiCoO₂ elektroni zote sita zimeoana. Unapochaji, lithiamu inatoka, sehemu ya kobalti inakuwa Co⁴⁺ na kubaki na elektroni moja isiyo na mwenzake.