Kusalimiana kwa Kirusi: ushauri kwa mwanafunzi mpya

Mwanafunzi anayetoka kwetu kwenda kusoma Urusi kwa kawaida huanza na mwaka wa maandalizi ya lugha, ambao wanafunzi huuita podfak, na miongoni mwa masomo ya siku za mwanzo ni salamu. Somo lenyewe huonekana jepesi, kwa kuwa maneno ya kukariri ni machache sana. Ugumu uko katika kujua nani aambiwe nini, na hapo malezi yetu ya Kiswahili hutusaidia huku na kutuponza kule.

Salamu ya heshima ni zdravstvuyte. Msururu wake wa konsonanti usikutishe: v ya kwanza haitamkwi, mkazo huangukia silabi ya kwanza, na watu wenye haraka huifupisha hadi isikike kama zdraste. Inafaa saa zote, kwa mtu usiyemzoea, kwa mkubwa wako na kwa kundi zima la watu. Ukiondoa te ya mwisho, zdravstvuy inayobaki ni ya mtu mmoja mliyezoeana, ilhali privet ni ya marafiki na watu wa rika lako. Kumwambia mhadhiri privet ni kama kumtupia “mambo” mzee uliyepaswa kumwamkia shikamoo.

Tofauti hiyo inatokana na viwakilishi viwili vya nafsi ya pili, ty na vy. Ty ni ya mtu mmoja wa karibu. Vy ni ya wengi, na pia ni ya mtu mmoja anayestahili heshima. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu mzima umwite vy mpaka yeye mwenyewe apendekeze mwitane ty. Wanafunzi kwa wanafunzi huitana ty tangu siku ya kwanza, na ukiwaita vy wataona unajitenga nao.

Heshima haikamiliki bila jina. Mwalimu haitwi kwa cheo wala kwa jina la ukoo, bali kwa jina lake likifuatwa na jina linalotokana na la baba yake, yaani otchestvo. Binti wa Sergey aitwaye Anna ni Anna Sergeyevna, na mwana wa Pyotr aitwaye Ivan ni Ivan Petrovich. Andika majina hayo mawili kwenye daftari siku ya kwanza ya kila somo na uyatamke kwa sauti ukiwa bwenini, kwa sababu “Zdravstvuyte, Anna Sergeyevna” iliyotamkwa vizuri itakufungulia milango mingi kuliko sarufi ya miezi mitatu. Usishangae mwalimu akikujibu zdravstvuyte ileile, kwani Kirusi hakina marahaba.

Salamu za nyakati ni dobroye utro asubuhi, dobryy den mchana na dobryy vecher jioni. Wageni wengi hukosea hapo kwa kuchanganya dobroye na dobryy, lakini anayezungumza lugha yenye ngeli hana sababu ya kulalamika: utro ni la jinsia ya kati, den na vecher ni za kiume, na kivumishi hufuata nomino yake. Spokoynoy nochi ni ya kuagana wakati wa kwenda kulala, kwa hiyo usimwambie mlinzi unayemkuta mlangoni saa nne usiku.

Jambo linalowasumbua watu wetu zaidi ni ufupi. Sisi tukishasalimiana huulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi, na anayerukia haja yake tunamwona hana adabu. Katika ofisi ya Kirusi utaratibu ni kusema zdravstvuyte, kisha kueleza shida yako papo hapo. Kak dela, yaani kuulizana hali, ni ya watu wanaofahamiana, na jibu la kawaida ni normalno. Karani asiyetabasamu hajakukasirikia. Tabasamu kwa mtu asiyejulikana si sehemu ya salamu kule. Vilevile watu husalimiana mara moja kwa siku. Ukimrudia mtu yuleyule na zdravstvuyte mchana, atadhani umesahau kwamba mlionana asubuhi; mtikisie kichwa tu.

Anayeingia ndiye anayeanza kusalimu, iwe darasani au kwenye lifti ya bweni. Katika zahanati, ukishasalimu, uliza “Kto posledniy?”, yaani nani wa mwisho, kwa sababu mara nyingi foleni haionekani kwa macho: watu wameketi popote, na kila mmoja anajua tu aliyemtangulia. Asiyeuliza huketi saa nzima bila kuwa na nafasi yake.

Chunga pia desturi yetu ya kumwita kila mwanamke mzima mama au bibi. Ukimwita mama mlinzi wa bweni babushka, yaani bibi, ukidhani unamheshimu, huenda umemwambia kuwa amezeeka. Muulize jina na otchestvo. Usiyemjua njiani, anza na izvinite, ambayo ni kuomba radhi, kisha uliza unalotaka kuuliza.

Wanaume hupeana mikono wanapokutana, hata kama ni kundi la watu kumi, na anayefika huzungukia wote. Kwa mwanamke, ngoja yeye atangulie kunyoosha mkono. Wakati wa baridi glavu huvuliwa kwanza. Na mwenyeji akikufungulia mlango, usimpe mkono juu ya kizingiti, kwa kuwa Warusi wengi, hata wasioamini ushirikina, huliona jambo hilo kuwa la nuksi: ingia ndani kabisa, kisha umsalimie.