Je, watoto hawaenezi virusi? Kuhusu kufungua shule

Ndugu muulizaji, umeuliza kama ni kweli kwamba watoto hawaenezi virusi vya korona, na kama hoja hiyo inatosha kufungua shule. Haitoshi, kwa sababu mtoto kutougua sana si sawa na kutoambukiza: anaweza kuwa na mafua mepesi, au asiwe na dalili yoyote, na bado akampelekea bibi yake maradhi nyumbani. Denmark ilifungua shule za watoto wadogo Aprili 2020, ikawagawa katika vikundi vidogo na kuwanawisha mikono mara kwa mara, na maambukizi hayakulipuka. Israeli ilifungua Mei. Joto lilipozidi, wanafunzi waliruhusiwa kuvua barakoa huku viyoyozi vikiwaka, na mlipuko mkubwa ukazuka katika shule moja ya sekondari ya Yerusalemu. Kwa maoni yangu, hali ya darasa ina uzito kuliko ubishi kuhusu watoto. Mwulize mwalimu mkuu kama madirisha yanafunguliwa, wanafunzi wanaketi wangapi kwa chumba, na kama mwalimu mwenye kikohozi huruhusiwa kupumzika bila kukatwa mshahara, swali ambalo wazazi wengi hulisahau.