Baba alikuwa wa kila mtu, mimi nimuandikeje?

Shangazi, assalaamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete. Baba yetu amefariki siku 21 zilizopita akiwa na miaka 76. Alikuwa askari wa JWTZ, akaenda Vita vya Kagera akiwa dereva wa lori, kisha akastaafu na kurudi Pemba kwenye mikarafuu yake. Ametuacha watoto saba na mama yetu, ambaye yumo edani. Mji mzima ulimjua. Makaburi akichimba yeye, maiti wa kiume akikosha yeye, na bomba la mfereji wa shehia likipasuka, yeye ndiye wa kwanza kufukua. Hakuchukua senti ya mtu. Meli ya Spice Islander ilipozama mwaka 2011, nyumbani hatukumuona karibu wiki nzima, kila siku yuko mazikoni.

Arobaini inakaribia. Wazee wa msikitini wameomba maisha yake yasomwe baada ya hitma. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa skuli, nimeambiwa niandike na kaka yangu mkubwa asome. Kaka anataka niandike kwamba baba aliingia Kampala na bunduki mkononi. Tena anataka achinjwe ng'ombe kwa pesa alizoacha marehemu.

Lakini baba niliyemjua mimi ni mwengine. Usiku alikuwa akipiga kelele usingizini hadi tunaamka sote. Mama alimfanyia kombe, dawa ya kunywa ya aya za Kurani, mpaka akachoka. Akigongewa saa nane za usiku kuwa kuna msiba, hamalizi hata kuvaa vizuri, keshatoka na chepe lake begani. Siku ya kuozeshwa mimi, watu wamekaa msikitini wanamsubiri walii, na walii yuko makaburini. Alikuja kaniozesha na udongo kwenye kucha. Chepe hilo bado limesimama nyuma ya mlango, mpini umeng'aa pahala pawili, pale mikono yake ilipokuwa ikikaa. Kila nikiliona nalia, na kila nikiliona nakasirika. Nikiandika ukweli, nitakuwa namvunjia heshima maiti? Nikiandika anavyotaka kaka, si uongo huo?

Mtoto wa tatu, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako na amnurishie kaburi lake, yeye aliyewachimbia wenzake miaka yote hiyo.

Nianze na kaka yako. Baba alikuwa dereva wa lori, basi andika dereva wa lori. Wala usiliandike kwa unyonge. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu mpaka ukingo wa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu lilipovuka kwenda mbele, halikwenda na bunduki peke yake. Malori na mabasi yalichukuliwa kila pembe ya nchi, ya mashirika na ya watu binafsi, kwa sababu risasi hazijipeleki zenyewe na askari hapigani na njaa. Kutoka Mutukula mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, nyuma ya kila kikosi palikuwa na mtu ameshika usukani, bila kulala, kwenye njia za matope. Mmoja wao alikuwa baba yako. Sasa kaka anataka kumvua hiyo kazi yake aliyoifanya kweli amvishe ya mtu mwengine. Mwambie hivi: siku ya hitma huenda akaja mzee mmoja aliyekuwa naye jeshini, akakaa pale kwenye mkeka, akaisikia hiyo bunduki. Hatasema kitu. Atainamisha kichwa tu. Na nyinyi mtamuona.

Mimi nina sababu ya kulisema hili. Kaka yangu mkubwa naye alikwenda Kagera. Nilikuwa msichana, tunakaa Ng'ambo, Unguja. Baraza zima linakusanyika kwenye redio moja, na mama anasikiliza kutoka dirishani, kwa sababu barazani ni pa wanaume. Alirudi 1979, kwenye zile siku Mwalimu Nyerere aliposema tufunge mikanda miezi 18, sabuni haipatikani, sukari kwa foleni. Akarudi mzima, alhamdulillahi, lakini kitandani hakulala tena. Alitandika jamvi ukumbini, mbele ya mlango, akalala hapo mpaka alipooa.

Alipofariki, kwenye arobaini yake alisimama bwana mmoja hodari wa maneno. Mzalendo, shujaa, nguzo ya jamii. Nikawatazama watoto wake, wanakodoa macho kama wanaosomewa habari za mtu wasiyemjua. Hitma ikisha, upande wetu wa wanawake akabaki bibi mmoja jirani, mtu mzima sana. Akatwambia kwamba mwanawe alikuwa Maskati, na yeye bibi hajui kusoma. Kila barua ikija, kaka yangu ndiye aliyekuwa akimsomea. Miaka kupita, mjukuu wake akazifungua zile barua kwenye mkoba akamsomea upya, ndipo bibi akajua kwamba mwanawe alikuwa akimuandikia maneno makali, na kwamba hana nia ya kurudi. Kaka yangu alikuwa akiyaruka. Alimsomea salamu, alimsomea habari za kazi, alimsomea "nakukumbuka mama," ambayo haikuandikwa popote. Sisi kumi na mmoja tulikuwa mle chumbani, hapana aliyebaki na jicho kavu. Kwangu mimi, wasifu wa kaka yangu ni ule. Haukuandikwa na mtu.

Ndiyo maana nakuuliza swali ambalo barua yako imelipita. Umeniambia siku ya ndoa yako baba alikuwa kaburini. Kaburi la nani?

Hukuandika, mwanangu, na nahisi hukuwahi kuuliza. Nakuelewa. Wewe ulikuwa bibi harusi, umekaa ndani na piko mikononi, unasikia wanaume wanauliza walii yuko wapi. Ile fedheha ilikuwa yako, si ya mtu mwengine, na kukasirika kwako si dhambi wala si utovu wa adabu. Mtoto humtaka baba yake siku yake. Lakini siku ile ile, labda nyumba ya tatu kutoka kwenu, alikuwapo mtoto mwengine ambaye baba yake alikuwa anaingizwa kwenye mwanandani, na aliyekuwemo shimoni kumpokea ni baba yako. Mtafute. Watu wa Wete hawasahau nani aliwazikia. Muulize baba yako alifika saa ngapi, alisema nini, aliondokaje. Na zile nyumba za 2011 ufike pia, hata mbili tu. Meli ile ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba karibu na Nungwi, ikaondoka na mamia, na Pemba hakuna kijiji kisichojua wiki ile ilikuwaje. Wewe uliijua kama wiki ambayo baba hakuwepo. Wao waliijua vyengine. Unahitaji kuwa nazo zote mbili kabla hujashika kalamu.

Ukishazipata, andika siku ya ndoa yako kama ilivyokuwa. Walii alisubiriwa, akaja na udongo kwenye kucha, akaozesha. Usitie baada yake "kwa kuwa alikuwa mtu wa kujitolea", na usitie "akatuumiza sisi wanawe". Wacha ikae hivyo hivyo. Waliokuwepo msikitini watakumbuka, wengine watacheka kidogo, na nyinyi saba mtajua ndani yake mna nini. Mambo aliyowakosesha nyinyi ni ya kusemwa, lakini si kwa mdomo wa kaka yako mbele ya mikeka ya watu. Hata akiyasoma, wao watakujibu nini? Yaseme kwa wenzako mliozaliwa naye tumbo moja. Nina hakika si wewe peke yako uliyemkosa.

Kelele za usiku usiziandike. Dini yetu imetukataza kuwatusi maiti, na kusitiri aibu ya mtu si kusema uongo. Tena hii hata aibu siiti. Ile ni siri ya chumba cha mama yako, yeye ndiye mwenye ruhusa. Waliorudi kutoka kule na usiku wa namna ile walikuwa wengi, na hapana aliyewaketisha kwenye kiti cha daktari akawauliza wameona nini. Kombe la zafarani ndilo tulilokuwa nalo, tukawanywesha hilo kwa mapenzi. Lori linalopeleka unga mbele halirudi tupu, mwanangu. Waliojeruhiwa wakirudishwa nalo, na waliokufa pia. Wengi wao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, mbali na kwao. Kama baba yako alishawahi kusema neno juu ya safari za kurudi, amemwambia mama yako. Mtu aliyezoea kuwabeba wenzake hivyo, kisha akarudi kijijini akawa hawezi kusikia kuna maiti akabaki kitandani, mimi naona ana haki ya kuulizwa habari zake vizuri, hata kama sasa ni kupitia kwa mkewe.

Suala la ng'ombe ni fupi. Pesa ya marehemu si ya kaka yako. Madeni kwanza, kisha wasia kama upo, kisha mirathi, na mama yenu ana thumuni yake humo. Anayetaka kuchinja achinje kwa mfuko wake. Wali wa nazi na mchuzi unatosha, watu wanakuja kusoma.

Maandishi yasizidi ukurasa mmoja. Watu wamekaa chini tangu asubuhi na vyano vinasubiri. Alizaliwa wapi, mama yake nani, jeshini alifanya nini, alioa lini, watoto wake. Kisha mambo matatu yenye watu wanaoyashuhudia, basi. Lile chepe liandike, na mpini wake ulivyong'aa, maana wanaume wote pale wanalijua. Na kabla kaka hajayasoma msikitini, msomee mama yako wewe mwenyewe, ukurasa mzima.

Una siku 19. Mama yako yumo ndani miezi minne na siku 10, wageni wamepungua, jioni zake ni ndefu. Nenda leo baada ya isha, utandike mkeka karibu yake, usichukue kalamu wala simu. Mkishakunywa chai, muulize tu: siku ile nilipoozeshwa, baba alikuwa kaburini kwa nani?