Muhogo umestawi juu, ndani umeoza: ndiyo, mbegu inapimika kabla hujapanda

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujua mbegu ya muhogo ina ugonjwa kabla hujaipanda, maana shamba lako lilistawi halafu mihogo ikatoka imeoza. Inawezekana. Mimi nimelijua hilo baada ya hasara kama yako.

Nilipanda ekari mbili kule Mkuranga. Pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, nilinunua kwa mtu aliyenihakikishia ni safi, na kwa macho zilikuwa safi kweli. Baada ya miezi 11 nikang'oa. Nje muhogo mnene, ganda zuri. Nikaukata: ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome, kisu kinakwaruza. Mke wangu alikata mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kupika jioni ile, na zaidi ya nusu tukamwaga. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, utaiona mapema, majani yanajikunja na kuwa na mabaka. Huu wa michirizi unaweza kunyamaza mpaka siku ya kuvuna. Dalili ya majani ipo, umanjano kando ya mishipa kwenye majani ya chini, ila wengi tunadhani jani limezeeka tu.

Inzi weupe wanaueneza, lakini mbali unafikishwa na sisi wenyewe kwa pingili tunazogawiana.

Kupima kulikuwa kugumu kwa sababu jani lilitakiwa lifike maabara likiwa bichi, kwenye barafu. Kutoka kijijini, barafu ya wapi? Ndiyo maana namheshimu sana Dkt. Joseph Ndunguru, mtafiti wetu aliyewahi kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha njia ya kuhifadhi virusi vya mimea kwenye kadi za FTA, karatasi zilizotiwa dawa. Nimeiona ikifanywa shambani kwa jirani: jani linalazwa juu ya kadi, linapondwa kwa mchi mdogo mpaka kijani kinatokea upande wa pili, kadi inaachwa ikauke, inatiwa kwenye bahasha. Basi. Dawa inapasua seli na kushikilia vinasaba vya virusi; maabara wanatoboa kiduara kidogo, wanakiosha, wanakipima kwa PCR, kipimo cha kutambua vinasaba.

Baadaye yeye na watafiti wa Tanzania, Kenya, Uganda na Australia, akiwemo Laura Boykin, wakapeleka mashine ndogo ya kusoma vinasaba mpaka shambani, chini ya mti, majibu yakapatikana ndani ya saa chache. Walichapisha kazi hiyo 2019.

Programu ya simu iitwayo Nuru ina Kiswahili na haihitaji intaneti ukiwa shambani, nayo nzuri, ila inatazama majani. Jani lisilo na dalili halina cha kuionyesha.

Kwa hiyo mkuu, usikate pingili hata moja kwenye shamba lile. Hata ukipewa aina ya muhogo iitwayo Kiroba, inavumilia ugonjwa lakini inaweza kuwa na virusi ndani. Muone afisa ugani akuunganishe na wazalishaji wa mbegu iliyokaguliwa. Mimi nilianza upya na robo ekari tu ya mbegu iliyopimwa, mbali na mihogo ya majirani, na kila wiki napita mstari kwa mstari nikiinua majani ya chini.