Shangazi, Mwanangu Hafungui Mdomo Asubuhi

*Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka miwili na nusu. Siku za kazi tunaamka saa kumi na mbili kamili, na saa moja kasorobo lazima tuwe tumetoka, maana nampitisha kwenye kituo cha kulelea watoto kabla sijaenda kazini. Yote nayaweza isipokuwa kumlisha. Anafumba mdomo, anageuza shingo, na akikubali kijiko kimoja anakificha shavuni mpaka tunafika mlangoni. Nimemwekea katuni kwenye simu, nimemfukuza na bakuli sebule nzima, nimemkaripia akalia mpaka akatapika na mimi nikachelewa kazini. Nashukuru kwamba saa kumi na moja alfajiri huwa anaamka kuomba chupa yake ya maziwa, anaimaliza na kulala tena, kwa hiyo tumbo haliwi tupu kabisa. Mume wangu anasema namdekeza, nimwache na njaa, atakula mwenyewe. Mama mkwe anasema mtoto amekonda kwa sababu wanawake wa siku hizi tunakimbilia kazi. Kinachoniuma ni kwamba Jumamosi na Jumapili anakula vizuri tu, mpaka nahisi ananikomoa. Nifanye nini?*

*Mama Mwenye Haraka*

Marahaba, mwanangu.

Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya barua, katika sentensi mbili ulizozipita mbio kama unavyoipita asubuhi yako. Ya kwanza ni ile ya chupa ya alfajiri. Ya pili ni ile ya Jumamosi na Jumapili.

Tuanze na chupa. Kama ni ya ukubwa wa kawaida, inabeba robo lita hivi. Mtoto wa umri wa binti yako anahitaji maziwa vikombe viwili kwa siku, yaani karibu nusu lita, basi. Maana yake kabla jua halijachomoza ameshakunywa nusu ya maziwa ya siku nzima, kisha amelala juu yake. Muda wa saa moja hivi baadaye unamtokea na bakuli la uji. Hata wewe ungefumba mdomo.

Wikendi mambo ni mengine. Nina hakika hamuamki saa kumi na mbili, na chakula kinafika mezani saa tatu au hata saa nne. Maziwa yameshashuka, mtoto ameshacheza, hakuna anayeangalia saa. Anakula kwa sababu ana njaa. Hakukomoi, mwanangu. Kumkomoa mtu kunahitaji mipango, na binti yako saa kumi na mbili na dakika kumi ana usingizi machoni na maziwa tumboni, mipango ataitoa wapi?

Kwa hiyo kazi ya kwanza wala haiko mezani, iko usiku. Chupa ile iondoke. Usiikate ghafla, utamsumbua na majirani nao watakusikia. Punguza kidogo kidogo: usiku wa kwanza mililita 30 pungufu, baada ya siku mbili tatu 30 nyingine, mpaka zibaki funda chache, halafu uweke maji kwenye kikombe. Ukiwa na wasiwasi kwamba kweli anaamka na njaa, angalia chakula chake cha jioni. Kama anakula mapema sana, msogezee karibu na kulala, au mpe kitu kidogo kabla ya kupiga mswaki. Lakini mara nyingi mtoto wa umri huu anaamka alfajiri kwa mazoea: tumbo limezoeshwa kwamba saa hiyo kuna huduma.

Na hata pasingekuwa na habari ya uji, chupa hiyo ningeipiga vita. Maziwa yanayobaki kinywani mtoto akiwa amelala huozesha meno. Tena mtoto anayeshiba maziwa hukosa nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma, na maziwa ya ng'ombe yenyewe yana chuma kidogo mno. Upungufu wa damu kwa watoto wadogo wanaopenda maziwa kupita kiasi ni jambo ambalo madaktari hukutana nalo sana. Ubaya ni kwamba upungufu wa madini hayo nao hupunguza hamu ya kula, ndipo mama anaona mtoto hali, anaongeza maziwa.

Sasa twende mezani, ila kwanza niseme kilichonitisha. Wewe umelalamikia mdomo uliofumbwa. Mimi nimeogopa lile tonge la shavuni. Mtoto anayetoka mlangoni, anayekimbia, anayelia au anayesafiri akiwa na chakula mdomoni anaweza kupaliwa, na akipaliwa nyuma yako wewe ukiwa umeshika usukani au mikoba, huenda usijue mapema. Usitoke naye kabla hujamfungua mdomo ukaona mweupe. Na kumfukuza na bakuli sebuleni kuishe leo. Chakula kiliwe amekaa. Karanga nzima usimpe kabisa, zabibu mbichi zikate vipande vinne kwa urefu, karoti mbichi iparuzwe au ipikwe ilainike.

Umesema mnaamka saa kumi na mbili, ila hukusema anakula saa ngapi. Nahisi anatolewa kitandani na kuketishwa mbele ya bakuli moja kwa moja. Watu wengi, wakubwa kwa wadogo, hamu ya kula haiwajii mara tu wafumbuapo macho. Geuza mpangilio: aamke, aende chooni au abadilishwe nepi, aoge uso, avae, azungukezunguke kidogo akikufuata unavyojiandaa. Chakula kije baada ya dakika ishirini hivi. Utaniambia nguo zitachafuka. Mvalishe fulana kuukuu ya baba yake juu ya nguo zake, ukimaliza unaivua, mnaondoka.

Kiasi nacho. Kipimo wanachokitumia wataalamu wengi wa lishe ni kijiko kikubwa kimoja cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri. Kwa binti yako hivyo ni vijiko viwili au vitatu vya uji. Nusu yai. Nusu ndizi. Akila hicho amekula, mpigie makofi moyoni na umwondoe kitini. Ninachohofia ni kwamba wewe unajaza bakuli kwa kuogopa mchana mrefu, naye akiliangalia anaona kazi isiyo na mwisho. Weka kidogo mpaka uone aibu. Akitaka zaidi ataomba, na kuomba kwenyewe kutakufurahisha.

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeligawa jambo hili vizuri: mzazi aamue kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto aamue atakula au la, na kiasi gani. Asubuhi yako inaharibika kwa sababu unataka kufanya kazi zako na zake pia. Ukishaweka chakula kinachofaa mbele yake, tena kikiwemo angalau kitu kimoja unachojua anakipenda, wewe umemaliza. Kumbembeleza, kumtishia, kumwimbia ndege ya kijiko, kumwahidi pipi, yote hayo ni kuingilia zamu ya mwenzako. Na hayasaidii. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao wa watoto wadogo waliohimizwa kumaliza supu: walipohimizwa walikula kidogo kuliko walipoachwa, na wakaisema vibaya zaidi supu yenyewe.

Katuni nazo zizime. Najua zinafanya kazi. Ndiyo sababu umezitaja. Mtoto anafungua mdomo bila kujua anachotiwa, na siku simu ikiisha chaji anajikuta hajui kula. Itakuchukua asubuhi kadhaa za kelele. Vumilia.

Badala ya simu, mpe kitu cha kuangalia kilicho bora zaidi: wewe ukila. Barua yako yote ndefu sikuona mahali ulipokula wewe. Najua ulivyo, umesimama, kijiko mkono mmoja, mkono mwingine unatafuta kiatu. Keti naye dakika kumi, uwe na sahani yako, ule kweli. Yai lichemshe usiku ulihifadhi kwenye jokofu, au pasha kiporo cha jana, hakuna sheria inayosema asubuhi lazima pawe na chakula cha asubuhi. Mpe nafasi ya kuchagua, ila isiwe kubwa: "Unataka yai au ndizi?" Ukimuuliza "Unataka nini?" atakujibu "Sitaki," na atakuwa amejibu sawasawa. Dakika kumi na tano zikipita, ondoa sahani bila hotuba. Usiseme "Haya, utakaa na njaa." Sema "Tumemaliza, twende."

Akiondoka hajala? Muulize mlezi wa kituoni, leo hii, wanakula saa ngapi mara ya kwanza. Watoto wa umri huu hula mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, na vituo vingi huwapa kitu katikati ya asubuhi. Kama ni saa tatu, basi ana saa mbili tu za kusubiri, na huko atakula akiwaona wenzake wanakula. Kama wanachelewesha, omba umwekee kopo dogo lake. Kifungua kinywa kikiliwa kituoni saa mbili na nusu bado ni kifungua kinywa. Juisi usimwekee badala ya chakula. Inajaza tumbo na kuondoka mbio.

Mume wako amepatia nusu. Ni kweli njaa ndiyo mpishi bora, na ndiyo maana nakwambia uondoe chupa. Lakini njaa isiwe adhabu anayotishiwa nayo. Tofauti iko kwenye sauti na kwenye uso wako, na mtoto anaisoma.

Mama mkwe usibishane naye, mwonyeshe kadi ya ukuaji. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufika kilo 9 hivi akitimiza mwaka mmoja. Mwaka wa pili mzima huongeza kilo 2 hadi 3 tu, na kasi hiyo ndogo huendelea. Anarefuka, mashavu yanapungua, miguu inakuwa ya mkimbiaji, na bibi anayekumbuka yale mashavu manono ya mwaka jana anaona amekonda. Kama mstari wa kadi yake unapanda sambamba na ulivyokuwa ukipanda, hajakonda. Habari ya wanawake wa siku hizi na kazi, hiyo mwache nayo, ana haki ya kuzungumza.

Lakini mpeleke hospitali bila kungoja ushauri wangu kama uzito umesimama au kushuka, kama anapaliwa au kukohoa kila anapokula, kama amepauka na kuchokachoka, kama anakula udongo, kama amebakiwa na vyakula vichache anavyovikubali na orodha inazidi kufupika, au kama kutapika kule kunatokea hata asipokaripiwa.

Anza Ijumaa usiku, ili vilio vya kwanza viangukie siku ambayo hakuna anayewahi popote. Na zamu ya alfajiri mpe baba yake. Mtoto akikuona wewe anaona chupa. Akimwona baba na chupa iliyopunguzwa, na mwishowe na kikombe cha maji, hana cha kudai. Si ndiye aliyesema unamdekeza? Saa kumi na moja aamke yeye.