Mama ana sukari ila "anaona vizuri tu", aende kliniki ya macho?
Aende dada, tena mapema. Sukari huharibu vimishipa vya damu vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kimyakimya: hakuna maumivu wala wekundu. Wengi hufika kliniki jicho moja limeshafifia, wakidhani wanahitaji miwani. Akianza kuona vidoa vyeusi vinaelea, huenda damu imeshavujia ndani, na miwani haisaidii hapo.

Apimwe kila mwaka, na aombe matone ya kupanua mboni. Kumulikwa tochi tu hakutoshi. Msindikize lakini. Baada ya matone ataona ukungu kwa saa kadhaa, na kwa jua la saa saba hata kuvuka barabara ni kazi. Presha nayo ipimwe, huzidisha uharibifu.